Kompyuta Mpya Ikigoma: Namna ya Kuihoji Bila Duka la Vipuri

Fundi mwenye duka la kompyuta Kariakoo ana bahati moja ambayo mtu wa Sapiwi hana: rafu iliyojaa vipuri. Akiletewa mashine isiyowaka, anachomoa RAM na kuweka nyingine, anachomoa pawa saplai na kuweka nyingine, mpaka mashine iamke. Huenda asijue kipuri kimekufa kwa sababu gani, lakini atajua ni kipi, na mteja ataondoka ameridhika. Njia hiyo ni halali. Shida yake ni kwamba inahitaji rafu.

Tuhamie Sapiwi, wilayani Bariadi, mkoa wa Simiyu. Pamba imeuzwa, na sehemu ya fedha imenunua vipuri vya kompyuta ya nyumbani vilivyosafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja. Kijana amevifunga kwa kufuata video za simu. Anabonyeza swichi: feni zinazunguka, taa za rangi zinawaka, skrini inabaki nyeusi. Hana RAM ya akiba wala prosesa ya akiba. Kila kipuri atakachokishutumu bure kitamgharimu nauli ya kifurushi, siku za kungoja na maneno ya muuzaji. Huyu hana budi kufanya kile ambacho fundi wa Kariakoo anaweza kukiruka, yaani kufikiri kabla ya kuchomoa kitu. Makala haya ni yake, na yataanza mbali kidogo.

Swali linalogawa

Chukua bomba la maji la mita 160 lililofukiwa ardhini, tangi upande mmoja na koki ya nyumbani upande wa pili, na maji hayatoki. Ukianza kufukua tangini, mita kwa mita, utachoka kabla jua halijazama. Mjuzi anafukua katikati. Akikuta maji yamefika pale, nusu ya kwanza ni nzima na hataigusa tena. Asipoyakuta, nusu ya pili anaiacha kwanza. Akirudia mara nne amebakiwa na mita 10 tu. Hesabu yake ni nyepesi: swali likigawa watuhumiwa nusu kwa nusu, watuhumiwa 16 humalizwa kwa maswali manne, 32 kwa matano, na 1,024 kwa kumi.

Kompyuta ya nyumbani haina hata watuhumiwa 16. Kuna umeme wa ukutani, pawa saplai, mazabodi, prosesa, kipoozeo chake, RAM, kadi ya picha kama ipo, diski, skrini na waya wake, pamoja na kasha lenyewe na swichi yake. Maswali manne mazuri yanatosha. Lakini swali zuri lina masharti mawili. La kwanza, jibu lolote litakalotoka, ndiyo au hapana, likufundishe kitu. La pili, usibadilishe mambo mawili kwa mpigo. Ukihamisha RAM na papo hapo ukabadilisha waya wa skrini, kisha picha ikatokea, umepata picha lakini hujapata jibu, na hitilafu ikirudi kesho utaanza upya. Watu wengi huvunja sharti la pili kwa haraka tu. Wanataka mashine iwake leo.

Kabla ya swali la kwanza, inafaa kujua nani wa kumtilia shaka zaidi. Tuhesabu. Plagi kubwa ya mazabodi ina pini 24. Plagi ya umeme wa prosesa ina pini 8. Kila kipande cha RAM ya DDR4 au DDR5 kina migusano 288, na vipande viwili vina 576. Soketi ya prosesa za Intel iitwayo LGA1700 ina pini 1,700. Jumla ni 2,308, na yote hii ni migusano iliyofungwa kwa mkono, leo, na mtu anayefanya kazi hiyo kwa mara ya kwanza. Ndani ya vipuri kuna viungo vingine vingi zaidi, lakini hivyo vilichomewa kwa mashine kiwandani na kupimwa kabla ya kupakiwa. Kwa hiyo tuhuma ya kwanza iangukie kiungo ulichokifunga mwenyewe. Kipuri chenyewe kifuate baadaye.

Hata hivyo, upya si hati ya uzima. Wahandisi wakichora idadi ya vifaa vinavyokufa kulingana na umri, mchoro huanzia juu, hushuka, hunyooka kwa miaka kadhaa, kisha hupanda tena vifaa vinapochakaa. Kilele cha mwanzo ni cha vifaa vilivyotoka kiwandani na dosari ndogo ambayo haikuonekana hadi vilipopashwa moto kwa mara ya kwanza. Kompyuta ya ENIAC, iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946, ilikuwa na vali za kielektroni karibu 18,000. Mafundi wake waligundua kwamba nyingi zilikufa wakati wa kuwasha na kuzima, zilipokuwa zikipata moto na kupoa, wakaona heri waiache ikiwaka muda wote. Siku ya kwanza ya kazi ni mtihani mgumu kwa kifaa chochote.

Mashine huamka kwa mpangilio

Msaada mkubwa anaoupata mtafuta hitilafu ni kwamba kompyuta haiamki yote kwa pamoja. Kila hatua inangoja iliyotangulia. Ukijua mpangilio huo, mahali ilipokwama panakutajia mtuhumiwa.

Ukichomeka waya ukutani na kufungua swichi ya nyuma ya pawa saplai, kompyuta bado haijawaka, lakini tayari kuna volti 5 za kukesha zinazofika kwenye mazabodi. Bodi nyingi zina kitaa kidogo kinachothibitisha hilo. Ukibonyeza swichi ya kasha, umegusanisha nyaya mbili tu, na mazabodi ndiyo inayopeleka ishara kwa pawa saplai kupitia pini namba 16, ambayo kwa kawaida ina waya wa kijani. Pawa saplai inapandisha volti 12, 5 na 3.3, inasubiri kati ya milisekunde 100 na 500 zitulie, halafu inatuma ishara kwamba umeme ni safi. Hapo ndipo prosesa inaachiwa. Prosesa za jamii ya x86 huanza zikiwa hazijui kitu chochote, hata kama kuna RAM. Zinakwenda kusoma agizo la kwanza kwenye anwani iliyo baiti 16 tu chini ya kikomo cha gigabaiti 4, ambako mazabodi imeweka programu ya BIOS. BIOS inaitambua prosesa, inaiamsha RAM, inatafuta kifaa cha picha, na mwisho inatafuta diski yenye mfumo wa kuendesha kompyuta.

Tazama jambo moja hapo: picha ni karibu na mwisho wa foleni. Skrini nyeusi haisemi kwamba skrini ni mbovu wala kwamba kadi ya picha ni mbovu. Inasema tu kwamba safari haijafika huko. Ndiyo maana mazabodi nyingi za sasa zina vitaa vinne pembeni, vya prosesa, RAM, picha na diski, ambavyo huwaka na kuzimika kwa zamu, na kile kinachobaki kikiwaka kinaonyesha hatua iliyokwama. Kama bodi yako haina vitaa, spika ndogo ya milio huchomekwa kwenye pini zake na hugharimu fedha kidogo. Maana ya milio hutofautiana kati ya kampuni moja na nyingine, kwa hiyo soma kitabu cha bodi yako, usikariri ya jirani.

Umeme kwanza

Mashine ikiwa kimya kabisa, anza na tundu la ukutani. Chomeka chaja ya simu au taa. Umeme wa Tanzania ni volti 230, hezi 50, lakini kwenye laini ndefu za vijijini, hasa jioni au mashine ya kusaga inapowashwa, volti hushuka sana. Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Balbu ya waya wa kuungua ikipewa umeme mdogo hufifia tu, kwa kuwa mkondo wake nao umepungua. Pawa saplai ya kompyuta haikubali kufifia. Kompyuta ikidai wati 400, itazitoa ukutani kwa vyovyote: kwa volti 230 ni ampea 1.7, kwa volti 180 ni ampea 2.2. Umeme ukishuka, yenyewe inavuta mkondo zaidi na kupata moto zaidi, mpaka inaposhindwa na kujizima. Soma kibandiko chake. Iliyoandikwa 100–240 ina uvumilivu mkubwa kuliko iliyoandikwa 200–240. Na kama ni ya zamani yenye swichi nyekundu ya kuchagua 115 au 230, hakikisha iko 230 kabla ya kuichomeka. Ikiwa 115, kishindo utakachosikia kitakuwa jibu la kudumu.

Kuipima pawa saplai peke yake ni rahisi kwa mwenye mita. Izime, ichomoe kwenye mazabodi, unganisha pini namba 16 na waya wowote mweusi wa ardhi kwa kipande kifupi cha waya, kisha iwashe. Kama nyaya zake zote ni nyeusi, tumia mchoro wa kitabu cha mazabodi. Kiwango cha pawa saplai kiitwacho ATX kinaruhusu asilimia 5 juu au chini, hivyo volti 12 iwe kati ya 11.4 na 12.6, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, na volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Usidanganywe na feni yake, maana pawa saplai nyingi za sasa huacha feni isimame mzigo ukiwa mdogo. Amini mita. Ila jua kwamba kipimo hiki ni cha kukataa tu: volti mbovu zinathibitisha ubovu, lakini volti nzuri bila mzigo hazithibitishi kwamba zitabaki nzuri mzigo ukija.

Jambo moja usilifanye hata ukishawishiwa: usifungue pawa saplai yenyewe. Umeme wa volti 230 ukigeuzwa kuwa wa upande mmoja hufikia kilele chake, yaani 230 mara 1.414, karibu volti 325, na kapasita zake zinaweza kuushikilia baada ya kuchomoa waya. Hakuna kipuri cha kompyuta chenye thamani ya maisha ya mtu.

Wengine hulalamika kwamba kasha jipya la chuma linawapiga umeme kidogo wakiligusa, wakaamua kuna kipuri kinachovuja. Mara nyingi vipuri havina kosa. Ndani ya pawa saplai kuna kapasita ndogo mbili za kuchuja makelele ya umeme, moja kutoka kila waya wa umeme kwenda kwenye chuma cha kasha. Waya wa ardhi ukiwepo, mkondo huo mdogo huishia ardhini. Usipokuwepo, kasha linaelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani, na kidole chako ndicho njia. Kwenye udongo mweusi wa mbuga unaojulikana sana Bariadi tatizo linaongezeka, kwa sababu udongo ule hupasuka na kusinyaa kiangazi, ukaachana na nondo ya ardhi iliyofukiwa. Kuimwagilia maji nondo hiyo wakati wa ukame husaidia kweli, na kuna sababu ya kisayansi: maji hurudisha mgusano kati ya udongo na chuma.

Nchi yetu ina kumbukumbu yake ya kuilaumu mashine. Kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya mfumo wa hesabu wa serikali kwenda mrama, uingizaji wa kompyuta ulipigwa marufuku. Mimi naona ule ulikuwa uamuzi wa mtu aliyetupa redio kwa sababu betri zimekwisha. Upungufu mkubwa ulikuwa wa wataalamu, na marufuku haikuongeza hata mmoja.

Ampea 54 ndani ya kitu cha kushika kiganjani

Turudi kwenye hali ya feni kuzunguka na skrini kuwa nyeusi, maana ndiyo inayoongoza kwa kuwatesa watu. Fikiria mahitaji ya prosesa ya kawaida ya wati 65. Yenyewe hutumia umeme wa karibu volti 1.2. Gawa 65 kwa 1.2 upate ampea 54. Hata oveni ya umeme ya nyumbani haivuti mkondo huo. Kwa mkondo mkubwa hivyo, mgusano wenye ukinzani wa elfu moja ya omu tu ungepoteza karibu wati 3 kama joto na kushusha volti kwa milivolti 54. Ndiyo maana mamia ya pini za soketi hazibebi habari yoyote. Zinabeba umeme na ardhi tu, zikigawana mkondo.

Umeme huo hutoka kwenye volti 12, na hubadilishwa kando ya soketi. Plagi kubwa ya pini 24 ina waya mbili tu za volti 12, ambazo zina kazi nyingine. Kwa hiyo, kwanza, plagi: prosesa ina yake, ile ya pini 8 iliyojificha kwenye kona ya juu ya bodi, nyuma ya kipoozeo. Ukiisahau, feni zitazunguka, taa zitawaka, na prosesa itabaki imelala. Nenda ukaitazame kwa tochi kabla ya kusoma zaidi. Angalia pia kama hukuchomeka plagi ya kadi ya picha mahali pake: ina pini 8 vilevile, ila imegawanywa 6 na 2, wakati ya prosesa imegawanywa 4 na 4.

Pili, subira. RAM ya kisasa haiwashwi tu, hupangiwa kwanza. DDR4 ya 3200 hupitisha bit milioni 3,200 kwa sekunde kwenye kila waya, kwa hiyo kila bit ina chini ya theluthi moja ya nanosekunde, yaani ya sehemu ya bilioni ya sekunde. Ishara ndani ya bodi husafiri takriban sentimita 15 kwa nanosekunde. Zidisha: bit moja ina urefu wa sentimita 4.7 tu kwenye waya, na bit inayofuata imeshaondoka kabla ya iliyotangulia kufika. Tofauti ya milimita chache kati ya nyaya inahesabika. Kwa hiyo BIOS hujaribu kuchelewesha huku na kule hadi zote zipokelewe vizuri, na kwenye DDR5 kuwaka kwa mara ya kwanza kunaweza kuchukua dakika kadhaa za skrini nyeusi. Walio wengi huzima katikati, na kazi inaanza upya. Acha iwake robo saa nzima kabla ya kuitangaza kuwa imekufa.

Fizikia hiyohiyo inaeleza kwa nini kitabu cha bodi kinakutaka uweke kipande kimoja cha RAM kwenye sloti ya pili kutoka kwenye prosesa. Katika bodi nyingi zenye sloti nne, nyaya hupita sloti ya kwanza na kuishia ya pili. Ukiweka RAM sloti ya kwanza, mkia wa waya unabaki wazi, ishara inagonga mwisho wake na kurudi nyuma, na kwa bit ya sentimita 4.7 mwangwi huo unaangukia bit nyingine. RAM haina kosa, mahali ndipo pabaya.

Tatu, waya wa skrini. Prosesa za Intel ambazo majina yake yanaishia na herufi F hazina sehemu ya picha ndani yake, na vivyo hivyo Ryzen nyingi za zamani kama 5600X. Ukiwa na prosesa hizo, tundu la HDMI la mazabodi ni pambo. Waya uende kwenye kadi ya picha.

Nne, na hili linaumiza kwa kuwa hakuna kipuri kibovu hata kimoja: BIOS inaweza kuwa na umri mkubwa kuliko prosesa. Mazabodi za B450 zilitoka 2018, Ryzen za familia ya 5000 zikatoka Novemba 2020. Bodi iliyokaa dukani bila kuboreshwa programu yake haitaitambua prosesa hiyo. Baadhi ya bodi zina kitufe nyuma cha kuingiza BIOS mpya kutoka kwenye flashi hata bila prosesa. Kama yako haina, tafuta mtu Bariadi au Mwanza mwenye prosesa ya zamani inayoingia.

Toa kila kisichohitajika

Yote hayo yakiwa sawa na bado giza, gawa mashine nusu. Toa mazabodi kwenye kasha, ilaze juu ya boksi lake la karatasi, si juu ya mfuko wake wa kung'aa, maana mfuko huo unaweza kupitisha umeme. Acha prosesa na kipoozeo, RAM moja, pawa saplai, na kadi ya picha kama prosesa haina picha. Hakuna diski, hakuna feni za ziada, hakuna kasha. Washa kwa kugusanisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Ikiamka, watuhumiwa waliobaki mezani wameachiwa wote kwa mpigo, na tatizo liko katika ulivyotoa. Mara nyingi ni kijiguu cha shaba cha kuinulia bodi kilichofungwa mahali ambapo bodi haina tundu, kikagusa sehemu ya nyuma yake na kupiga shoti. Dalili yake maarufu ni mashine kuwaka sekunde moja na kuzima, kwa kuwa pawa saplai imegundua shoti na kujilinda.

Ukifanya kazi hii Julai au Agosti, hewa ya Simiyu ikiwa kavu, mwili wako ni hatari kwa vipuri. Mtu huanza kuhisi cheche ya umeme tuli ikifika volti 3,000 hivi, ilhali saketi nyingine huumia chini ya volti 100. Unaweza kuua kipande cha RAM bila kuhisi kitu, na kisife leo, kikaanza kukosea mwezi ujao. Gusa chuma cha kasha lenye waya wa ardhi kila mara kabla ya kushika kipuri, na vua sweta la nailoni. Vaa pamba. Uzi wa pamba hushika unyevu kutoka hewani na kuachia chaji taratibu, na sidhani kama kuna mkoa wenye udhuru mdogo wa kuikosa kuliko huu.

Sasa RAM. Una vipande viwili na sloti mbili, na mashine inakubali wakati mwingine na kukataa wakati mwingine. Kiite kipande cha kwanza Juma na cha pili Asha. Jaribu Juma sloti A, Juma sloti B, Asha sloti A, Asha sloti B, kila mmoja peke yake. Juma akikataa sloti zote mbili na Asha akikubali zote mbili, ubovu unamfuata Juma. Wote wakikataa sloti A na kukubali B, ubovu umebaki kwenye sloti, au kwenye pini iliyopinda ndani ya soketi ya prosesa, kwa sababu nyaya za sloti huishia huko. Ubovu unaotembea na kipuri ni wa kipuri, na ubovu unaobaki mahali ni wa mahali. Jaribio hili la hatua nne halihitaji kipuri cha akiba hata kimoja, na ningelilinganisha kwa thamani na mita yoyote ya dukani.

Inawaka lakini inazima

Picha imetoka, unafungua programu nzito, mashine inazima yenyewe. Shuku joto. Kati ya prosesa na kipoozeo chake kuna nafasi ndogo isiyoonekana kwa macho. Tuseme ni sehemu ya kumi ya milimita, na eneo lake ni sentimita za mraba 10. Nafasi ikijaa hewa, ambayo ni mbovu sana kwa kupitisha joto, kusukuma wati 65 kuivuka kungehitaji tofauti ya nyuzi 250. Ikijaa pesti ya kawaida ya kupitishia joto, tofauti inashuka hadi nyuzi moja na nusu hivi. Ndiyo kazi yote ya ile pesti ya kijivu. Na ndiyo maana ile karatasi ya plastiki iliyobandikwa chini ya vipoozeo vingi vipya, yenye maneno ya kukuomba uiondoe, ikisahaulika huzima mashine nzima. Prosesa nyingi hujipunguzia kasi zikikaribia nyuzi 95 au 100, kisha hujizima ili zisiungue. Fungua BIOS usome joto: likipanda mbele ya macho yako wakati mashine haina kazi, rudi kwenye kipoozeo.

Hitilafu ngumu kuliko zote ni ile isiyokuwa na ratiba: faili linaharibika, mfumo unagoma kusimikwa, kesho unakubali. RAM ya gigabaiti 16 ina bit bilioni 137 na zaidi, na moja tu ikiwa mbovu inatosha. Programu ya Memtest86, iliyoanzishwa na Chris Brady mwaka 1994, huwashwa kutoka kwenye flashi kabla ya mfumo wowote, inaandika na kusoma kila bit kwa ruwaza mbalimbali. Iache usiku kucha. Kompyuta ikitumia wati 100 kwa saa nane ni uniti 0.8 za Luku. Kosa moja ni kosa. RAM nzuri haikosei hata mara moja, hivyo muuzaji akikwambia makosa mawili si kitu, mkatalie. Ila kabla ya kumrudishia, zima kwanza kwenye BIOS mwendo wa ziada wa RAM, XMP kwa Intel au EXPO kwa AMD, upime tena. Makosa yakitoweka, kipande kinafanya kazi kwa kasi yake ya kawaida, na mazungumzo yenu yatakuwa mengine.

Andika kila jaribio kwenye karatasi: ulibadilisha nini, ukaona nini, saa ngapi. Piga picha pini za soketi kabla ya kufunga kifurushi, kwa maana pini iliyopinda ni sababu mojawapo ya wauzaji kukataa dhamana. Tunza maboksi na risiti hadi dhamana iishe, na ukirudisha kipuri Dar es Salaam au Mwanza, tia nakala ya ile karatasi ndani ya boksi.